Kuwaandika Wanawake wa Roma ya Kale kwa Kiswahili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tulikutana na Roma shuleni, ndani ya Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Jukwaa zima limejaa wanaume, na wanawake ni wawili tu: mke wa Kaizari na mke wa Brutus. Ukurasa huu ni wa wale wanaotaka kuwaandika waliobaki: mabinti, wajakazi, wakunga, mama wakwe. Maswali ni yale ninayoulizwa na waandishi wanaoanza riwaya au hadithi fupi za kihistoria, na wasomaji wanaotaka kujua kipi ni kweli na kipi kimebuniwa.

Sina mhusika bado. Nianzie wapi?

Anzia makaburini. Wanahistoria wa Kirumi hawakumwandika mwanamke wa kawaida, lakini watu wake mara nyingi walimwandikia jiwe.

Chukua jiwe la Aurelia Philematium, lililochongwa Roma katika karne ya 1 KK. Yeye na mumewe, muuza nyama wa kilima cha Viminal, walikuwa watumwa wa bwana mmoja, wakaachwa huru. Wamechongwa wakitazamana, naye ameinua mkono wa mumewe anaupeleka mdomoni. Maandishi yanasema mwanamume huyo alimpakata akiwa na miaka saba, akawa kwake zaidi ya mzazi, na kwamba amekufa akiwa na miaka arobaini. Yasome tena polepole. Mtoto wa miaka saba, mtumwa, hatajiwi mama wala baba, na katika nyumba ile ya watu wengi mmoja anamchukua mikononi. Mama yake aliuzwa wapi? Usiku wa kwanza alilala karibu na nani? Jiwe halisemi, na hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Lingine ni la Claudia, wa karne ya 2 KK. Linamwomba mpita njia asimame kidogo asome. Alimpenda mumewe, alizaa wana wawili, mmoja anamwacha juu ya ardhi na mwingine yuko chini ya ardhi. Maneno yake yalikuwa matamu, mwendo wake wa heshima. Alitunza nyumba, alisokota sufu. Kisha: nimemaliza, nenda zako. Wanaume wa Roma walipenda kumsifu mwanamke kwa sufu. Hata Augustus, aliyeitawala dola nzima, alivaa nyumbani nguo zilizofumwa na mkewe, dada yake, binti yake na wajukuu wake, akitaka watu walijue hilo.

Kwa nini kila mwanamke anaitwa Julia?

Kwa sababu binti alipewa jina la ukoo wa baba likageuzwa la kike. Ukoo wa Julius, binti ni Julia. Wa Cornelius, Cornelia. Wa Tullius, Tullia. Wakiwa wawili, mmoja ni Mkubwa na mwingine Mdogo. Wa tatu ni Tertia, yaani Wa Tatu. Hakubadilisha jina akiolewa. Hadithi yako ikiwa na dada watatu Antonia, wape majina ya kuitana nyumbani, kama familia zote zifanyavyo, la sivyo msomaji atapotea ukurasa wa tatu.

Niwaiteje ndugu? Tafsiri nyingi zinachanganya.

Hapa Kiswahili kinakubeba vizuri kuliko unavyodhani. Kilatini kilimtenga ndugu wa baba na ndugu wa mama kama sisi: *avunculus* ni mjomba, *patruus* ni baba mkubwa au baba mdogo (ami, ukiandika kipwani), *amita* ni shangazi, *matertera* ni mama mkubwa au mama mdogo. Na Warumi walikuwa na hisia zao juu ya kila mmoja. Ndugu wa baba alikuwa mfano wa ukali hata ikawa msemo. Kwa hiyo msichana akiambiwa "baba yako mdogo amefika," msomaji wa Kiswahili ataelewa mara moja upande gani wa nyumba umeingia mlangoni.

Saa nazo ni zawadi. Warumi walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza: saa sita yao ni adhuhuri, na chakula kikuu kililiwa kuanzia saa tisa. Andika "saa tisa" bila kubadilisha chochote. Kumbuka tu kwamba saa zao zilirefuka kiangazi na kufupika kipupwe, kwa kuwa mchana uligawanywa mara kumi na mbili hata uwe mrefu au mfupi.

Nani alikuwa na amri juu ya mwanamke, mume au baba?

Swali zuri, na jibu lake linaweza kubeba riwaya nzima. Baba wa familia alikuwa na mamlaka juu ya wanawe wote hadi siku anakufa, hata mtoto wa kiume mwenye mvi. Zamani binti akiolewa aliingia chini ya mkono wa mume. Lakini kufikia siku za mwisho za Jamhuri, yaani kabla Roma haijatawaliwa na makaizari, ndoa za aina ile zilikuwa chache. Mke aliishi kwa mumewe huku kisheria akibaki wa nyumba ya baba yake. Kulikuwa na sheria ya kale kwamba mke akikaa kwa mume mwaka mzima mfululizo anaingia chini ya mkono wake, lakini akilala nje usiku tatu kila mwaka, haingii. Fikiria usiku tatu hizo. Anakwenda kulala kwa nani? Mume anajua anachohesabu?

Baba akifa, binti aliweza kuwa na mali yake mwenyewe, ila alihitaji mlezi wa kiume kuidhinisha mambo makubwa. Augustus alitunga sheria iliyomwondolea mlezi mwanamke huru aliyezaa watoto watatu. Aliyewahi kuwa mtumwa alitakiwa wanne.

Niandike "mahari"?

Mimi siandiki. Neno mahari likisomwa, msomaji wetu anaona washenga wanaingia kwa baba wa msichana na fedha za bwana arusi. Roma mali ilikwenda upande wa pili: baba wa msichana ndiye aliyempa mkwe. Ninaita "mali ya kuolewa nayo". Ni refu, lakini halidanganyi.

Na usiipite haraka mali hiyo, maana ndoa nyingi ziliyumba juu yake. Ililipwa mara nyingi kwa mafungu, na mume alitakiwa kuirudisha ndoa ikivunjika. Cicero, msemaji mkubwa kuliko wote wa Roma, alikuwa na binti aliyempenda kupita kiasi, Tullia. Ndoa yake ya tatu, na Dolabella, ilikuwa ya taabu, na barua za baba zinaonyesha akihangaika: alipe fungu linalofuata au avunje ndoa sasa? Ukilipa unatupa fedha. Usipolipa unamkasirisha mtu mwenye nguvu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katikati ya hesabu hiyo amekaa mwanamke mwenye mimba. Waliachana, Tullia akajifungua, na Februari 45 KK akafa. Barua tulizo nazo ni za baba. Sauti ya Tullia mwenyewe haikubaki, na kwangu huo ndio mwaliko mkubwa kuliko wote kwa mwandishi wa kubuni.

Arusi ilikuwaje?

Nywele za bibi arusi ziligawanywa mafungu sita kwa ncha ya mkuki. Alivaa vazi jeupe lililofumwa, akafungwa mkanda kwa fundo la Hercules ambalo mume peke yake angelifungua, akafunikwa utaji wa rangi ya mwali wa moto. Mwanamke aliyeolewa mara moja tu maishani aliwashikanisha mikono. Jioni alichukuliwa kutoka kwa mama yake, kana kwamba ananyakuliwa, akasindikizwa kwa mienge, kelele na nyimbo za matani, kokwa ngumu zikirushwa njiani. Kwenye nyumba ya mume aliipaka mafuta miimo ya mlango na kuizungushia sufu, akabebwa juu ya kizingiti ili asijikwae, ndani akapewa moto na maji.

Chagua kitu kimoja katika hivi vyote ukae nacho. Mimi ningekaa kwenye mkuki. Msichana ameketi, na chuma baridi kinapita kichwani kutoka paji la uso hadi kisogoni, mkono wa nani umekishika?

Alikuwa na umri gani? Naona vigumu kuandika jambo hili.

Na iwe vigumu. Sheria iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 12. Katika koo kubwa waliolewa mapema kweli. Katika familia za kawaida wengi walifika miaka ya mwisho ya utineja. Wanaume kwa kawaida walikuwa wakubwa wao kwa miaka mingi.

Barua moja ya Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi, inamhusu binti wa rafiki yake Fundanus. Alikuwa msomi kwa umri wake, akiwapenda yaya na walimu wake kila mmoja kwa nafasi yake, na alipougua aliwatii waganga huku akiwatia moyo baba na dada yake. Siku ya arusi ilikuwa imepangwa na wageni wamealikwa. Alipokufa, Pliny alimsikia baba akiagiza fedha zilizotengwa kwa nguo, lulu na vito zinunulie ubani na manukato ya maziko. Pliny anasema hakuwa ametimiza miaka 14. Baadaye jiwe lake lilipatikana nje ya Roma: Minicia Marcella, miaka 12, miezi 11, siku 7.

Ushauri wangu: usimfanye mtu mzima mfupi. Muache awe mtoto, mwenye wanasesere ambao bibi arusi aliwaweka wakfu kwa miungu kabla ya kuondoka. Mlango wa chumba cha arusi ufunge, na msomaji umbakize nje na mama.

Talaka je?

Ilikuwa rahisi kisheria, na upande wowote uliweza kuitoa. Uchungu wake ni huu: watoto walikuwa wa baba.

Mwaka 39 KK Scribonia alimzalia mumewe binti. Mume huyo, ambaye baadaye aliitwa Augustus, alimpa talaka siku ileile, na mtoto Julia akabaki kwa baba. Akaozwa mara tatu kwa manufaa ya utawala. Mwaka 2 KK baba yake mwenyewe alimfukuza kwa kosa la uzinzi, akampeleka kisiwa kidogo cha Pandateria, akimkataza hata divai. Aliyepanda chombo pamoja naye, kwa hiari yake, ni Scribonia. Mama aliyepokonywa kichanga siku ya kuzaliwa kwake alimpata tena mtoto akiwa mwanamke wa zaidi ya miaka 35, kisiwani, uhamishoni. Wiki ya kwanza walizungumza nini? Sijasoma ukurasa wa mwanahistoria yeyote wa kale unaouliza hilo.

Niwaandikeje watumwa wa nyumbani?

Waandike. Hilo ndilo la kwanza. Hakuna nyumba ya tajiri wa Kirumi iliyoamka asubuhi bila wao, na hadithi nyingi huwapitisha nyuma ya pazia wakibeba mitungi.

Kiswahili kina maneno ya kazi hii kwa sababu za huzuni tunazozijua. Mjakazi ni mjakazi. Mtumwa aliyezaliwa humo nyumbani, ambaye Warumi walimwita *verna*, ni mzalia, neno lililotumika pwani kwa maana ileile. Lakini jihadhari na neno "suria". Pwani yetu, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alikuwa huru na mrithi. Masultani kadhaa wa Zanzibar walizaliwa na masuria. Roma ilikuwa kinyume. Mtoto alifuata tumbo la mama. Mjakazi akizaa na bwana wake, mtoto ni mtumwa, na huenda akakua akimwagia maji ya kunawa dada yake wa baba mmoja, wote wawili wakijua. Ukiandika suria, msomaji wetu atampa mtoto yule uhuru ambao Roma ilimnyima.

Watumwa hawakuwa na ndoa mbele ya sheria. Waliishi kama mume na mke hadi mmoja auzwe. Columella, aliyeandika juu ya mashamba, anasema mjakazi aliyezaa wana watatu alimpumzisha kazi, na aliyezidisha hapo alimpa uhuru. Alifikiri anataja ukarimu wake.

Ukitaka onyesho la karibu, nenda kwenye nywele. Mjakazi wa kumsuka bibi alisimama nyuma yake kila asubuhi, na hakuna mtu mwingine aliyemkaribia bibi kwa muda mrefu hivyo. Mshairi Martial anamtaja bibi aliyempiga msusi wake kwa kioo, kosa likiwa msokoto mmoja ulioachia. Kitana mkononi mwa mjakazi huenda ni cha pembe za ndovu. Na pembe hizo huenda zimetoka kwetu: mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK unaitaja Rhapta, soko la pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, lililouza pembe na magamba ya kasa. Sijui mwandishi wa Kiswahili anayeweza kukiangalia kitana hicho bila kusimama.

Uzazi na vifo vya watoto nivipe nafasi gani?

Kubwa. Cornelia, mama wa akina Gracchus, wanasiasa mashuhuri wa Roma, alizaa 12, wakakua watatu. Soranus, tabibu aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya 2 BK, ameeleza kiti cha kuzalia chenye nafasi ya mwezi mwandamo, na mkunga anayemlaza mtoto chini kwanza ili aangalie kama anafaa kulelewa. Binti alipewa jina siku ya nane, mvulana ya tisa. Kabla ya hapo alikuwa bado mlangoni mwa dunia.

Na kuna barua ya mwaka 1 KK kutoka Misri, chini ya Roma. Hilarion, kibarua aliye Aleksandria, anamwandikia mkewe Alis: akijifungua mvulana amwache aishi, akiwa msichana amtupe. Mistari hiyohiyo inasema kwamba Alis amemtumia ujumbe asimsahau, naye anajibu, nitawezaje kukusahau? Waandishi wengi wangeondoa sentensi moja kati ya hizo mbili ili mtu huyu aeleweke. Ziache zote.

Walifungiwa ndani?

Hapana. Hawakupiga kura wala kushika vyeo vya serikali, lakini walikula karamuni pamoja na wanaume, walikwenda mabafuni, walifanya biashara. Katika mji wa Pompeii, kabla mlima Vesuvio haujalipuka mwaka 79 BK, Julia Felix aliandikisha ukutani tangazo la kupangisha bafu, maduka na vyumba vya juu kwa miaka mitano. Eumachia, kuhani wa mji uleule, alijenga jengo kubwa uwanjani, na wafua nguo wakamsimamishia sanamu. Msomaji wa Biblia anamjua Lidia, muuza zambarau wa Filipi, koloni la Kirumi, aliyewakaribisha mitume nyumbani kwake bila kutajwa mume wa kuombwa ruhusa.

Shujaa wangu anaweza kupinga?

Anaweza, kwa njia za wakati wake. Mwaka 195 KK wanawake walijaa njiani kudai ifutwe sheria iliyowabana dhahabu na nguo za rangi, ikafutwa. Mwaka 42 KK watawala watatu walitaka kuwatoza kodi ya vita wanawake matajiri 1,400. Hortensia alisimama uwanjani akauliza kwa nini walipe ilhali hawana sehemu katika vyeo wala majeshi. Idadi ikashushwa hadi 400. Ona lakini alivyofika pale: kwanza walikwenda kwa wanawake wa nyumba za watawala, na Fulvia, mke wa Antonius, akawafukuza mlangoni. Mlango ule ni onyesho zuri kuliko hotuba.

Chakula, viapo, mambo madogo?

Hakuna nyanya, mahindi, viazi wala pilipili kali. Pilipili manga ipo, kutoka India. Kuna mafuta ya zeituni, ngano, na mchuzi wa samaki waliochachushwa. Mwanamke haapi kwa Hercules. Anaapa kwa Castor, mmoja wa miungu pacha. "Inshallah" na "Mungu akipenda" ziondoe midomoni mwao, hata zikikujia zenyewe. Mjane alikaa eda ya miezi kumi.

Kuna mwanamke aliyeandika kwa mkono wake?

Yupo. Mwaka 1985, Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, kilichimbuliwa kibao chembamba cha mti kiasi cha kiganja. Mnamo mwaka 100 BK Claudia Severa, mke wa kamanda, anamwalika Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda wa ngome nyingine, aje tarehe 11 Septemba, siku yake ya kuzaliwa, maana akija siku itakuwa tamu zaidi. Mume wake na mwanawe mdogo wanasalimu. Barua imeandikwa na karani kwa mwandiko nadhifu. Kisha pembeni chini mwandiko unabadilika, herufi zinakuwa nzito na za kuhangaika kidogo, za mtu asiyeshika kalamu kila siku. Amemchukulia karani kalamu. Anaandika mwenyewe kwamba atamngojea, anamuaga dada, roho yake, mpenzi sana.

Hatujui kama Lepidina alikwenda.